Nafasi za Kuitikia

Yohani wa Rhotia alikuwa na kila sababu ya kulikataa jukwaa jipya la mtandaoni, isipokuwa ile ya kweli. Ile ya kweli aliimeza kama mtu anavyomeza tonge la moto mbele ya wageni, macho yanamtoka na huku anasifia chakula.

Tuanze na walichokuwa wanabishania yeye na wenzake, usije ukadhani ni mpaka wa shamba. Walikuwa na programu ya simu inaitwa Malisho. Mfugaji anaifungua, anaona kisima gani kina maji, nyasi ziko upande gani, na ng'ombe wanaumwa wapi ili asiwapitishe wake huko. Ni programu huria: haiuzwi, haina tajiri, na maandishi yake ya ndani yako wazi mtandaoni, kwamba anayeweza kurekebisha kitu anaingia anarekebisha. Yohani ndiye aliyeianzisha, enzi zile anatengeneza kompyuta kwenye hoteli moja ya watalii. Hoteli ikapunguza watu, akarudi nyumbani kwa mama yake na programu yake. Kisha mama naye akafariki. Ikabaki programu.

Wenzake walikuwa wengi mtandaoni, lakini walioshika kazi hasa ni watatu. Witness alikuwa Arusha, binti mwenye kichwa chepesi, ndiye aliyepanga kazi na watu. Benson alikuwa Baray, analima vitunguu na kuchora ramani, na mdomo wake hauna breki. Halafu Sairowua, mfugaji wa Enguserosambu, ambaye hakuandika programu wala nini. Kazi yake ilikuwa kusema ukweli: hapa mmeweka kisima, kisima hakipo.

Huyo Sairowua, Yohani alikutana naye ana kwa ana mara moja tu, siku alipomleta binti yake Nalotuesha kuanza kidato cha tano Karatu. Walikaa kwenye mgahawa, chai ikaletwa, na Yohani akataka waingie kwenye mambo ya ramani moja kwa moja. Wapi! Sairowua akaanza na habari. Akaeleza mvua, akaeleza ng'ombe, akaeleza mtoto aliyeumwa na akapona, na kila baada ya maneno machache ananyamaza, anamtazama Yohani. Yohani haelewi anangojewa nini. Mlinzi wa pale, Mmaasai kama Sairowua, akacheka akamwambia, "Itikia bwana. Akinyamaza, sema ee. Usipoitikia anajua husikii."

Basi Yohani akaitikia. Ee. Ee. Habari zikaisha, Sairowua akajifunga shuka vizuri, akasema, "Nimemaliza. Lete zako."

"Nzuri tu," Yohani akajibu.

"Hizo si habari," Sairowua akasema, lakini hakumsumbua zaidi.

Baada ya hapo zikawa sauti za WhatsApp. Kila asubuhi, ng'ombe wakishatoka bomani, Sairowua alipanda kilima anakopata mtandao, anamtumia Yohani ujumbe wa sauti. Uji wa Yohani unachemka jikoni, simu inalia, na nyumba ile isiyokuwa na mtu inapata mtu. "Yohani, sopa. Mimi ni Sairowua. Tumeamka." Kimya. "Watoto wameamka." Kimya. "Ng'ombe wamelala vizuri, isipokuwa yule wa pembe moja, amekohoa." Kimya, na katika kile kimya unasikia upepo na njuga ya ng'ombe. "Mvua tumeiona kwa mbali, imekwenda kwa majirani zetu Wasonjo." Mwisho kabisa, baada ya familia nzima na mifugo yote: "Haya, sasa hii programu yako. Imekwama tena."

Na Yohani, mtu mzima, mwiko mkononi, alikuwa anaitikia. Ee, anaiambia simu. Ee, kaka. Hakuna aliyemsikia, wala Sairowua mwenyewe. Yeye alipata tu maandishi baadaye: "Nimepata kaka, asante, pole na ng'ombe." Lakini kwa Yohani hizo ndizo zilikuwa dakika za siku nzima ambazo kinywa chake kilifunguka. Zikipita hizo, alikuwa anaweza kukaa mpaka jua linazama nyuma ya milima ya kreta bila kutoa neno, labda amfukuze kuku.

Sasa njoo kwenye ubishi.

Kazi yote ya Malisho ilikuwa inaongelewa kwenye grupu la WhatsApp, na lile grupu, jamani, lilikuwa soko. Mtu analeta tatizo la maana, linafuatwa na heri ya Jumapili ya Matawi, picha ya kipaimara, na video ya simba barabarani ambayo kila mtu ameshaiona. Jumamosi moja mchana Witness akawaita kwenye mkutano wa mtandaoni. Yohani akatoa kiti nje, barazani, mtandao ushike.

"Kaka Yohani, tuseme ukweli," Witness akaanza. "Yule kijana wa Dodoma ameuliza swali ambalo tulishalijibu. Jibu liko katikati ya mchango wa harusi ya Benson. Atalitafuta saa ngapi?"

"Harusi yangu mlichangia?" Benson akadakia. "Mimi nakumbuka pongezi tu."

"Nataka tuhamie jukwaa," Witness akaendelea, akijikaza asicheke. "Kila jambo na ukurasa wake, kila mtu anasoma, hata ambaye hajajiunga. Programu ni huria, lakini mazungumzo yake tumeyafungia kwenye simu zetu! Mimi simu yangu ikiibiwa stendi leo, nusu ya historia ya Malisho imekwenda."

"Si tutumie barua pepe?" Yohani akajaribu.

"Bro, barua pepe mimi naifungua nikiomba kazi," Benson akasema.

Na hapo, haki ya mtu ni yake, Witness alikuwa sahihi. Yohani mwenyewe alilijua hilo. Angekuwa mtu mwingine ndiye analeta hoja, na hakuna Sairowua, angeiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini alishaona mbele: jukwaa likija, sauti za asubuhi zitakwisha. Akaanza kutafuta pa kushika.

"Sairowua kusoma kwake ni kwa shida," akasema.

"Aendelee na sauti. Tutaweka mashine, programu ndogo tu, itasikiliza, itaandika."

"Kule kwao jukwaa halitafunguka, mtandao wenyewe wa kilimani."

"Haendi jukwaani, kaka. Anatuma WhatsApp ileile, mashine inapokea, inapeleka. Inachukua ya maji, nyasi, magonjwa na programu kukwama. Mengine inaacha."

"Hajui namba ya mashine. Ile yangu ameshaikariri."

Benson ndiye aliyemalizia. "Si umpe mashine laini yako? Wewe sajili nyingine. Kwani nani anakupigia?"

Wakacheka. Yohani naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, maana ukichomwa mbele za watu utafanyaje. Kweli, nani anampigia?

Alikuwa amebakiwa na neno moja tu. Angesema: jamani, mimi naishi peke yangu, na zile salamu mnazoita takataka ndizo zinaniamsha. Basi. Maneno mepesi kama nini, na Witness hakuwa mtu mbaya, angemsikiliza. Lakini mwanaume wa Rhotia aseme hivyo mbele ya watu wa programu? Aibu!

"Hoja zangu zimeisha," akasema. "Tuhame."

Na kama vile haitoshi, Benson akaleta la bando. Sauti za Sairowua ni ndefu mno, nusu nzima ni upepo. Akitaka kuzihakiki jukwaani huko Baray bando linakwisha. Je, kile kimya hakiwezi kukatwa? Yohani akasema kinaweza. Akakaa siku ile ile akaandika kipande cha programu kinachokata ukimya, akakiweka kwenye mashine kwa mkono wake mwenyewe. Alijua vizuri kabisa kile kimya ni cha nini. Alikikata hivyo hivyo.

Laini yake ya siku zote akaichomeka kwenye simu ya zamani, akaizima mlio, akaiweka juu ya kabati. Hiyo ikawa simu ya mashine. Yeye akasajili laini mpya, ambayo haikulia.

Jukwaa likafana, nani abishe. Kila jambo likakaa mahali pake. Yule kijana wa Dodoma akapata majibu, wakaja na wengine, kisima kikikauka leo ramani inajua leo. Na Sairowua akawa anatokea humo kwa mstari mmoja msafi: "Enguserosambu: maji yapo kisima cha shule. Ramani inachelewa kufunguka." Yohani alijaribu siku za mwanzo kuisikiliza ile sauti iliyokatwa. Loo! Ilikuwa Sairowua, na haikuwa Sairowua. Maneno yanakimbizana kama mtu anayefukuzwa, tumeamka watoto wameamka ng'ombe wamelala, hakuna pa kuchomeka hata ee moja. Akaacha.

Asubuhi zikawa zile zile, bila sauti. Anapika uji, anakunywa amesimama. Magari ya watalii yanapita barabara kuu kwenda geti la hifadhi, mengine yanarudi, vumbi linatua juu ya maharage ya jirani. Jioni anasonga ugali, na mkono wake mpaka leo ulikuwa haujajifunza kusonga wa mtu mmoja. Unabaki, anaula kesho yake. Kiti cha mama kilikuwa palepale karibu na mafiga. Kiiraqw, lugha aliyoongea na mama, alikuwa anakisikia kanisani tu, na kutoka kanisani watu wanaharakisha nyumbani kwao.

Mstari wa Sairowua nao ukaanza kufupika. Ikafika mahali kila siku ni maneno yale yale: "Enguserosambu: hakuna taarifa mpya." Yohani akausoma akaguna. Amechoka nasi, akawaza. Watu wote huchoka. Moyo ukamuuma, lakini hakuuliza.

Kilichomtoa usingizini ni umeme. Ulikatika Rhotia ukakaa siku kadhaa, simu ya mashine ikazimika juu ya kabati. Yohani akaipeleka dukani kwa Mama Modest, mwenye sola, aichaji. Mama Modest akaichomeka, simu ikawaka, naye akaigeuza kuitazama.

"Yohani, mwanangu, mbona hupokei simu za watu? Mtu kakupigia mpaka basi. Sairo... Sairowua. Huyu si wa kumdai mtu, wa kumdai hapigi asubuhi tupu."

Yohani akaichukua. Simu ambazo hazikupokelewa zilijaa kioo. Akatoka nje, akakaa kwenye kreti la soda, akafungua zile sauti zenyewe, ambazo hazijapita kwenye mashine. Nyingi hazikuwapo, simu ilikuwa inafuta za zamani isije ikajaa, na aliyeiamuru hivyo ni nani kama si yeye? Zilikuwa zimebaki chache za mwisho.

Ya kwanza: "Yohani, sopa. Mimi ni Sairowua. Tumeamka." Kimya. Upepo. Njuga. Kinywa cha Yohani kikafunguka chenyewe. Ee. Habari zikaenda mpaka mwisho, kisha: "Nimemaliza. Lete zako." Na kimya kirefu cha mtu anayengoja.

Ya pili: "Yohani, nimekupigia, hukupokea. Nalotuesha ameshamaliza shule, yuko hapa nyumbani, nimemwambia anisomee unachoniandikia. Anasema umeandika, 'Ujumbe wako umepokelewa.'" Kimya. "Jana pia umeandika hivyo." Kimya. "Picha ni yako, namba ni yako. Lakini mtu wa kusema neno moja kila siku, huyo amekasirika."

Ya tatu sauti ilikuwa chini. "Kwetu mtu akila habari za mwenzake na za kwake asitoe, ana kinyongo au ana msiba. Kama ni kinyongo, niambie nilipokosea. Kama ni msiba, niambie ni nani." Kikaja kimya. Kikakaa, kikakaa, mpaka Yohani akadhani imeisha. "Haya. Mimi nimekaa hapa juu."

Akafungua jukwaa kwenye simu yake nyingine, akatafuta siku hiyo hiyo. Enguserosambu: hakuna taarifa mpya.

Alilia pale pale kwenye kreti la soda, mchana, watu wanapita na bodaboda. Mama Modest alichungulia, akarudi ndani, akanyamaza, na kwa mwanamke yule kunyamaza ni kazi kubwa.

Alipofika nyumbani alikivuta kiti cha mama, akakikalia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akabonyeza kurekodi kwenye ile simu ya mashine. Maneno ya kwanza yalimtoka kama ya mtu aliyesahau kuongea.

"Kaka Sairowua. Mimi ni Yohani wa Rhotia." Akanyamaza. Akaona aibu kunyamazia simu, lakini akaacha nafasi. "Sina kinyongo na wewe." Nafasi. "Ni msiba. Ni wa zamani kidogo. Mama yangu alifariki." Nafasi. "Ilikuwa majira ya baridi, mwaka juzi. Kwenye grupu niliandika kwamba mtandao umesumbua wiki ile, ndiyo maana sikuonekana. Sikumwambia mtu." Nafasi. "Siku ile mgahawani uliponiuliza habari, alikuwa hajatimiza hata mwezi kaburini. Nikakwambia nzuri tu." Nafasi. "Napika ugali wa watu wawili." Nafasi. "Namba hii niliipa mashine. Aliyekuwa anakujibu ni mashine. Na kile kimya chako, mimi ndiye niliyekikata, na nilikuwa najua ni cha nini." Nafasi. "Nimemaliza."

Akatuma. Ikaonyesha tiki moja, ikabaki moja. Kesho yake asubuhi moja. Siku iliyofuata moja. Umeme ukarudi, tiki haikuongezeka.

Katika kungoja huko ndiko alikofungua jukwaa akaandika ile sababu ya kweli, bila kuipamba. Aliandika kwamba anaichukua laini yake. Mashine watafute namba nyingine, atamfundisha Sairowua yeye mwenyewe. Akaomba ufunguliwe ukurasa mmoja wa habari za watu ambao mashine haitaingia. "Sikupinga jukwaa kwa ajili ya mtandao wala kusoma," aliandika. "Nilipinga kwa sababu naishi peke yangu na sikutaka mjue."

Witness alijibu kabla hajaweka simu chini. "Kaka, kwa nini hukusema? Ningekuelewa. Mimi hapa Arusha naongea na redio." Benson, yule asiye na breki, hakuandika kitu mpaka jioni. Kisha akaandika, "Nisamehe kwa lile la nani anakupigia." Muda si mrefu akapiga. Hawakuwa na la kuzungumza, wakaongelea bei ya vitunguu.

Sauti ya Sairowua ilifika asubuhi, uji uko jikoni. Ilikuwa ndefu kupita zote. Kwanza upepo, kisha Sairowua anamwambia mtu pembeni, "Nalotuesha, iwashe." Halafu Yohani akasikia kitu ambacho hakukitegemea: akajisikia mwenyewe. Sauti yake, nyembamba, inatoka kwenye simu ya binti yule juu ya kilima cha Enguserosambu. *Kaka Sairowua. Mimi ni Yohani wa Rhotia.*

"Ee," Sairowua akaitikia.

*Sina kinyongo na wewe.*

"Ee."

*Ni msiba. Ni wa zamani kidogo. Mama yangu alifariki.*

Hapo hapakuwa na ee. Nafasi aliyoiacha Yohani ikapita tupu, sauti yake ikaanza kuendelea, ilikuwa majira ya, na Sairowua akaikatiza. "Simamisha, Nalotuesha. Simamisha kwanza." Ikasimama. Ukabaki upepo, na njuga moja, inasogea taratibu. Uji wa Yohani ukafurika, ukamwagikia mafiga, hakuuangalia. Njuga ikaenda mbali ikarudi.

"Ee," Sairowua akasema hatimaye. "Pole, Yohani. Pole sana. Haya mwanangu, iwashe, aendelee."

Akaendelea, na Sairowua akaitikia mpaka mwisho, hakuruka hata nafasi moja. Hata lile la kukata kimya aliliitikia kama mengine. Halafu akasema, "Nimekula habari zako. Sasa hizi ni habari. Kesho nahamisha ng'ombe, hapa nyasi zimeisha. Tunakokwenda hakuna mtandao, na haturudi mpaka mvua inyeshe. Wewe usiache kutuma. Nitazikuta zote."

Yohani aliisikiliza tena, kisha akafuta mafiga.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na sauti, wala hapangekuwa nayo kwa muda mrefu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi, na barabarani gari la kwanza la watalii lilipita taa zimewaka. Yohani akabandika uji, akavuta kile kiti, akaishika simu.

"Kaka Sairowua, sopa. Mimi ni Yohani. Nimeamka."

Akanyamaza, akaacha nafasi.